Barua kwa mwanangu kuhusu ada ya klabu ya soka

Columbus, Ohio

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, mama. Nakuandikia kwa sababu zamu yangu ya ghalani huanza mnapokaa kula chakula cha jioni na kwisha unapopanda basi la shule, na jambo uliloniuliza Jumapili halifai kujibiwa kwa maneno mawili ya mlangoni. Ulitaka kujua kama msimu ujao nitailipia tena klabu ya kusafiri, ile inayokupeleka kwenye mashindano ya miji mingine, kwa kuwa sasa wamekuita kwenye timu yao ya juu. Nilinyamaza, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika hata kidogo. Nilikuwa napiga hesabu.

Hesabu yenyewe nakuonyesha, maana umetimiza miaka 13 na una haki ya kuijua. Msimu uliopita tulilipa ada ya dola 2,400, na jezi, begi na koti la timu dola 380. Hoteli za mashindano matano zilitugharimu dola 1,500, kwa sababu waandaaji walizilazimisha timu kulala katika hoteli walizozichagua wao, ndiyo maana tulilala hotelini Louisville ilhali shangazi yako anaishi huko na chumba chake cha wageni kiko wazi. Petroli ya kwenda Cincinnati, Louisville, Pittsburgh na Indiana ilifika dola 600. Jumla ni dola 4,880, bila kuhesabu chakula cha njiani wala Jumamosi ambazo mama yako aliacha zamu yake ili akupeleke. Timu hiyo ya juu ada yake ni dola 3,300, na safari zake mbili ni za ndege.

Kocha alipotuita wazazi kwenye kikao alisema kwamba fedha hizi ni akiba ya masomo, kwa kuwa mtoto akionekana na makocha wa vyuo atapata ufadhili. Maneno hayo yaliniingia, sikufichi. Ni kweli kwamba nchi hii ina milango ambayo dada zangu kule Tanga hawakuwahi kuiona: sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX ililazimisha shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutowabagua wanawake, michezoni pia, na soka ya wasichana hapa ilikua kwa sababu hiyo. Hata hivyo nilikwenda kusoma mwenyewe. Kati ya wasichana 100 wanaocheza soka katika shule za sekondari, wanaofika kucheza katika vyuo vya NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo vya Marekani lenye madaraja matatu, hawazidi 10. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Katika Daraja la Kwanza, kwa miaka mingi kila timu ya soka ya wanawake iliruhusiwa ufadhili kamili usiozidi wa wachezaji 14, ambao makocha waliugawa vipande vipande kwa kikosi kizima, hivyo wengi walipata sehemu tu ya ada. Mwaka 2025 utaratibu huo ulibadilika, lakini ruhusa ya kutoa zaidi haimaanishi kwamba kila chuo kina fedha za kutoa. Mzazi anayelipa dola 5,000 kwa mwaka tangu mtoto akiwa na miaka 10 hadi 18 atakuwa ametoa dola 40,000 akisubiri kitu ambacho hakuna mtu aliyemwahidi kwa maandishi. Kama shabaha yetu ni chuo, mama, fedha hizo zikiwekwa benki kwa jina lako zitakufikisha mbali zaidi.

Hesabu ya fedha, hata hivyo, siyo iliyoninyima usingizi. Nakumbuka safari yetu ya Westfield, Indiana, kwenye vile viwanja vya Grand Park ambavyo ni zaidi ya 30 mahali pamoja, vimepangwa kama mashamba ya mkonge, na kila kimoja kina wazazi wameketi kwenye viti vya kukunja. Tuliondoka saa kumi alfajiri. Mdogo wako alilala kiti cha nyuma akiwa amekumbatia daftari lake la hesabu. Katika mechi mbili za siku ile ulicheza dakika kumi na moja. Sikuhesabu ili nimlaumu kocha. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe pale benchi, ukikaza kamba za daluga zako, ukizilegeza, ukizikaza tena, kila mchezaji wa akiba alipoitwa. Tulipokuwa tunarudi hukuvua daluga mpaka tulipovuka mpaka wa Ohio. Pilau aliyotufungia mama yako ilibaki kwenye bakuli bila kuguswa.

Jumapili iliyofuata ulikwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi, pale wanapokutana watoto wa Kisomali, wa Kikongo na wa Kinepali, ukacheza saa tatu bila refa wala jezi. Nilikuja kukuchukua, ukaniomba dakika tano, nikakupa, ukaniomba nyingine tano. Uliwapita wavulana wawili kwa mguu wa kushoto ukacheka kwa sauti. Nilisimama kando ya gari nikakumbuka chandimu tuliyokuwa tukiicheza utotoni, mpira wa makaratasi na kamba, magoli ya mawe mawili, mpaka giza litutoe.

Haki lazima niitende. Klabu imekufundisha mambo ambayo chandimu isingekufundisha. Mguu huo wa kushoto ni kazi ya kocha wako wa kwanza, na namna unavyoinua kichwa kabla ya kupokea pasi nimeiona ikianza pale. Kwa wavulana, akademi nyingi za vilabu vya MLS, ligi kuu ya soka ya wanaume hapa, hazitozi ada. Kwa wasichana mlango wa bure ni mwembamba mno, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu maana yake ni kwamba kipaji cha binti hupimwa kwanza kwa mfuko wa baba yake. Yule rafiki yako mlinda mlango, ambaye aliacha kuja baada ya mama yake kupunguziwa saa za kazi, hakuwa amepungukiwa uwezo wa kudaka. Alphonso Davies, mchezaji wa timu ya taifa ya Kanada aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Ghana, alianzia mjini Edmonton, Kanada, kwenye Free Footie, programu isiyowatoza watoto kitu. Na Aisha Masaka, mshambuliaji wetu wa Tanzania, alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Sikutajii hawa nikuaminishe kwamba njia ni rahisi. Nakutajia kwa sababu uliniambia kwamba usipokuwa timu ya juu sasa hivi basi umekwisha, na hilo si kweli.

Kuna na mwili wako. Madaktari wa watoto wa nchi hii wanashauri mtoto apumzike na mchezo wake angalau siku moja kwa wiki, na jumla ya miezi miwili au mitatu kwa mwaka. Ratiba ya timu ya juu niliyotumiwa ina miezi kumi na mmoja. Wasichana huumia kano za goti mara nyingi kuliko wavulana, nawe tayari mwezi Machi ulikuwa ukishuka ngazi kwa kuegemea ukuta.

Kwa hiyo nimeamua, na mama yako tumekubaliana, kwamba mwaka huu hatutalipia timu ya juu. Utacheza ligi ya mtaa, ambayo ada yake ni dola 180, na timu ya shule wakati wake ukifika. Uwanja wa Jumapili utaendelea kuwa wako. Nitakulipia pia mazoezi ya wiki mbili za kiangazi na kocha wako wa kwanza, kwa kuwa yeye nimemwona akifundisha hata wale wanaokaa benchi. Mwakani ukitaka tulizungumze tena, tutaketi wote watatu na ratiba na hesabu mezani, nami nitakusikiliza.

Ukitaka kulia, lia, sitakuambia unyamaze. Kocha nitamwandikia mwenyewe Jumatatu, ili wewe usiwe wa kumpa habari hizi. Na daluga zako nimezipima jana ulipokuwa umelala, zimekwisha kukubana vidoleni, kwa hiyo Jumamosi uamke mapema twende dukani kabla ya mazoezi.

Baba yako