Barua ya wazi kwa mdogo wangu: Sisilia kwa baiskeli, chini ya Etna

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Uliniuliza kwenye simu kama baiskeli yako itafaa kwa pwani ya mashariki ya Sisilia, kisiwa cha Italia, au bora ukodi nyingine huko huko. Jibu lake ni refu kidogo, na kwa kuwa wapo wengine wanaouliza hilo hilo, nimeona niliandike hapa hadharani.

Miguu unayo. Kinachowatesa wageni kule ni jiwe. Jiwe jeusi la Etna, volkano ya kisiwa hicho, limejenga kuta za kale utakazokwenda kuziona, limetandikwa mitaani utakamopita, na siku nyingine huanguka kutoka angani likiwa majivu. Ukilielewa jiwe hilo, safari itakuwa tamu. Waliopita Goma baada ya volkano ya Nyiragongo kuushukia mji mwaka 2002 wanalijua: lava iliyopoa haina urafiki na tairi.

Nianze na majivu, maana watu huyapuuza. Etna ina zaidi ya mita 3,300 na haitulii. Kati ya Februari na Oktoba 2021 ilifoka kwa nguvu zaidi ya mara 50. Wenyeji huiita pia Mongibello, jina lililounganisha neno la Kilatini la mlima na jabal la Kiarabu, mzizi ule ule wa jabali letu. Ukikuta vumbi jeusi pembeni mwa lami, chota kidogo ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Halipondeki kama jivu la kuni. Linakwaruza kama chupa iliyotwangwa, na kwa kweli sehemu kubwa yake ni kioo: lava iliyorushwa hewani ikapoa upesi mno.

Kioo hicho kikikutana na mafuta mazito ya cheni, unapata msasa unaozunguka. Kwa hiyo safisha cheni kabisa kabla ya kuondoka, kisha itie nta. Kama huna nta, weka tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume mara 20, halafu futa hadi kitambaa kisishike weusi. Ndani ya viungo ndiko mafuta yanakohitajika. Yaliyobaki nje hukusanya uchafu tu. Pima na urefu pia: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, cheni mpya ina milimita 304.8. Ikifika 306.3 imekwisha asilimia 0.5, na kwa gia 11 au 12 za nyuma hapo ndipo pa kuibadilisha, la sivyo itakula na meno ya kaseti, yaani rundo la gia za gurudumu la nyuma. Badilisha kabla ya safari, usingoje kurudi.

Ukikutwa na majivu njiani, usiifute baiskeli ikiwa kavu. Utakwaruza rangi na kuyasukuma majivu ndani ya bearingi. Mwagia maji kwanza, taratibu, bila presha, ndipo upitishe brashi laini. Kama breki zako ni za kubana rimu, toa magurudumu uangalie mipira ya breki: punje nyeusi huzama humo zikachimba rimu kila unapobana. Zing'oe kwa pini. Na majivu yakiwa mengi, mameya wa huko hutoa amri ya kuzuia baiskeli na pikipiki na kuyawekea magari mwisho wa kilomita 30 kwa saa. Hilo si la kujadiliana nalo, kwa sababu majivu juu ya lami huteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. INGV, taasisi ya Italia inayochunguza volkano, ina ofisi Catania, mji mkubwa ulio chini ya mlima, na hutoa taarifa za mlima kila mara, zisome kila asubuhi. Uwanja wa ndege wa Catania nao hufungwa majivu yakizidi, kwa hiyo acha siku moja tupu mwishoni kabla ya ndege ya kurudi.

Sasa baiskeli yenyewe. Tairi za milimita 28 ndizo za chini kabisa. Kama fremu inapokea 30, weka 30. Kwa uzito wako wa kilo 70 hivi, kwenye 28 jaza upepo wa bar 4.8 mbele na 5.2 nyuma. Wengi hujaza 7 wakidhani watakwenda kasi, kisha mawe ya mitaa ya Catania yanawarusha huku na huku. Mitaa ile ya kati imetandikwa vibamba vya lava vilivyosuguliwa na magurudumu kwa miaka mingi, na vikilowa ni kama sabuni. Shika breki kabla ya kona, uachie ndani ya kona, na nyufa kati ya vibamba uzivuke kwa pembe mraba. Beba tyubu mbili, viraka, na kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 5. Ukingo wa lava haukuachii pancha tu, huchana ubavu wa tairi, na tyubu mpya itatokeza kwenye mchano na kupasuka kama hukuziba kwa ndani.

Kule watu huendesha kulia, na wewe umezoea kushoto. Hatari huja asubuhi unapotoka getini ukiwa na usingizi, na kwenye mizunguko, ambako magari yatatokea kushoto kwako. Nje ya miji mfuatane mmoja mmoja, hiyo ni sheria. Giza likiingia nje ya mji, kizibao cha kuakisi mwanga ni lazima. Vibao vya kijani ni vya barabara za mwendo kasi (autostrada) na baiskeli haziruhusiwi. Fuata vya buluu. Ukikodi baiskeli, jaribu breki ukiwa bado uani: kwa kawaida ya huko mkono wa kushoto hushika gurudumu la mbele.

Siku ya kwanza nenda kaskazini, Catania hadi Giardini Naxos, kama kilomita 50. Barabara ya SS114 inakupitisha Aci Trezza, ambako nguzo za mawe meusi zimesimama baharini. Wagiriki wa kale walisimulia kuwa ni mawe yaliyorushwa na jitu la jicho moja kwa hasira. Baada ya hapo unapanda hadi Acireale, mji uliokaa juu ya ukuta wa lava, mita 160 hivi juu ya maji. Hapo achana na SS114, ushuke kuelekea bahari upite Santa Tecla, Stazzo na Pozzillo hadi Riposto. Magari ni machache, harufu ya ndimu inakufuata, na kila bandari ndogo imejengwa kwa jiwe lile lile. Mbele kidogo ni Mascali, mji uliofunikwa na lava mwezi Novemba 1928 na kujengwa upya mahali pengine.

Naxos ndiyo koloni la kwanza la Wagiriki katika Sisilia, 734 KK. Magofu yake yako rasi ya Schisò, na rasi hiyo yenyewe ni ulimi wa lava ulioingia baharini. Watalii wengi huipita mbio wakiwahi Taormina, na mimi naona ni kosa. Simama mbele ya ukuta wa mji. Mawe hayakukatwa mraba. Kila moja lina pembe zake tano au sita, na jirani yake amechongwa kumfuata, bila saruji. Pitisha kidole kwenye kiungo uone kilivyobana. Dionisio, mtawala wa mji wa Siracusa ulioko kusini, aliuangamiza mji huo mwaka 403 KK, lakini sehemu za ukuta zimebaki. Taormina nayo panda, ni kilomita tano hivi kutoka ufukweni kwa mwinuko wa wastani, na ukumbi wake wa maonyesho unaitazama Etna uso kwa uso. Kisha rudi kwa treni. Treni za mkoa hubeba baiskeli kwa tiketi ya nyongeza.

Siku ya pili ni mlima. Kutoka Nicolosi, mita 700 hivi, hadi Rifugio Sapienza, kituo cha wapanda mlima kilicho mita 1,910, ni kilomita 18 kwa wastani wa asilimia 6.5 kwenda juu kidogo. Hapa ndipo gia zinaposema. Ukiwa na meno 34 mbele na 32 nyuma, kukanyaga mara 75 kwa dakika kunakupa kilomita 10 kwa saa, yaani kama saa 1 na dakika 50 hadi juu. Ukichoka ukashuka hadi mara 60, bado unakwenda kilomita 8 bila kuua magoti. Hakuna kona ya kutisha. Kinachoua ni kuanza kwa pupa, kwa sababu vilima vya chini vinadanganya. Mlipuko wa Machi 1669 ulianzia jirani na Nicolosi, na lava yake ilifika hadi Catania ikaingia baharini, kwa hiyo safari yako ya kupanda inarudi kwenye chanzo cha mawe uliyoyakanyaga mjini. Jaza chupa mbili Nicolosi. Usitegemee maji katikati.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili. Juu kunaweza kuwa na nyuzi 12 baridi zaidi kuliko pwani, na jasho lako litageuka barafu ndani ya dakika tano. Beba koti la upepo na glovu za vidole vizima. Breki ishike kwa nguvu sekunde mbili kisha uachie ipoe. Ukiikandamiza kidogo muda wote, disiki hupata moto na pedi hupoteza mshiko. Upepo hukusanya mchanga mweusi upande wa ndani wa kona, nao juu ya lami nyeusi hauonekani mpaka uko juu yake. Pita katikati ya njia yako na baiskeli ikiwa wima.

Siku ya tatu kusini, ila usitoke Catania kwa baiskeli. Pwani ya Augusta na Priolo ni viwanda vya mafuta na malori. Chukua treni hadi Lentini, ambayo ni Leontinoi, mji wa kale wa Wagiriki, kisha upite Carlentini, Sortino, Floridia hadi Siracusa. Kutoka Sortino unaweza kuchepuka hadi Pantalica, makaburi zaidi ya 5,000 yaliyochongwa kwenye magenge, lakini barabara inakufa bondeni na haivuki upande wa Ferla, hata kama ramani ya simu inakushawishi. Usiende Julai wala Agosti: eneo la Floridia ndiko zilikopimwa nyuzi 48.8 tarehe 11 Agosti 2021, rekodi ya Ulaya nzima. Mei au Oktoba zinatosha.

Ukikaribia Siracusa utaona jiwe limebadilika. Weusi umekwisha, sasa ni chokaa nyeupe. Machimbo yake ndimo walimofungwa mateka Waathene walioshindwa vitani na Siracusa mwaka 413 KK. Kisiwani Ortigia ingia kanisa kuu: nguzo za hekalu la Athena, za karne ya 5 KK, bado zimebeba ukuta, nene kuliko mikono yako miwili inavyoweza kukumbatia. Na kando ya mto Ciane utakuta mafunjo yameota, yale yale ya Ziwa Victoria. Yatazame kwa niaba yangu.

Nitumie picha ya kaseti yako kabla hujakata tiketi. Kama gia yake kubwa ni ya meno 25, baiskeli yako inatosha, ila kaseti tutaibadilisha hapa hapa nyumbani.

Wako,
Kaka