Ruwaza si maua ya leso

Mhariri,

Magazeti yetu yakieleza akili unde (AI) husema "mashine imegundua ruwaza", kisha yakapita, kana kwamba msomaji ameshaelewa.

Chukua leso zinazouzwa barabara ya Biashara hapa Mombasa. Maua hubadilika, rangi hubadilika, jina, yaani msemo ulioandikwa, hubadilika. Mpangilio haubadiliki: pindo pande zote nne, mji katikati, jina karibu na pindo la chini. Huo usiobadilika ndio ruwaza. Kitenge nacho kwa kawaida hakina mji. Uwa lilelile hujirudia ncha hadi ncha.

Tuseme mashine inafundishwa kutofautisha picha za leso na za kitenge. Haijui pindo wala mji. Picha ndogo isiyo na rangi, ya vitone 28 kwa 28, kwake ni namba 784, kila moja kati ya 0 (nyeusi) na 255 (nyeupe). Kwa njia iliyo rahisi kabisa, kila namba huzidishwa kwa uzito wake, yaani namba nyingine inayosema ya kwanza ihesabiwe kwa kiasi gani, yote yakajumlishwa. Jumla ikivuka kiwango fulani jibu ni leso, isipovuka ni kitenge. Ikikosea, namba za uzito husogezwa kidogo, picha nyingine ikaletwa. Baada ya maelfu ya marudio, ruwaza huwa imekaa ndani ya namba hizo. Hakuna palipoandikwa "pindo". Mashine kubwa zina mabilioni ya namba za aina hii, ndiyo maana hata waundaji wake hupata taabu kueleza zimeamuaje.

Sasa, leso zote zikipigwa picha zimeanikwa juani, na vitenge vyote dukani chini ya taa, mashine itashika mwanga na kuacha kitambaa. Mwanga nao ni ruwaza, tena nyepesi kuliko pindo! Ukiipima kwa picha za kamba ileile na duka lilelile, itafaulu vizuri mno. Dawa ni kupiga kila kitambaa juani na dukani, na picha za kupimia zitoke kwingine kabisa. Leso iliyotumika kufundishia isirudi kwenye kupimia, hata kwa picha mpya.

Kuna na hesabu ya kuhadaa. Katika picha 1,000, ikiwa 950 ni za leso, mashine inayojibu "leso" kila mara hupata asilimia 95 bila kujua lolote. Waandishi wako wakiletewa asilimia kama hiyo, waulize: katika vitenge 50, imetambua vingapi?

Mwalimu wa kompyuta,
Mombasa