Kompyuta ya Linux Ikisahau Eneokazi Ulilochagua, Usikubali Haraka Ipigwe Upya

Wateja wetu wenye steshenari pale Kabwe, Mbeya, na wanafunzi wa Iyunga pia, wanatuletea lalamiko moja: "Nikiwasha asubuhi inanifungulia lile lingine." Wamechagua Xfce, mojawapo ya maeneokazi (desktop) ya Linux, kwa sababu ni nyepesi na mashine ina RAM ya GB 4 tu. Kesho yake wanajikuta wamo ndani ya KDE Plasma, eneokazi jingine, feni inalia, na hakuna kitu kilicho pale walipokizoea. Fundi wa jirani akiulizwa anasema mfumo umeharibika, ipigwe upya. Mara nyingi mfumo ni mzima kabisa.

Anayetunza chaguo lako si Xfce wala Plasma. Ni programu inayokaa mlangoni, ile inayokuuliza jina na nywila. Ubuntu ya kawaida, aina mojawapo ya Linux, hutumia GDM, mashine nyingi za Xfce zina LightDM, na nyingi za KDE huja na SDDM.

Hiyo SDDM ndiyo inayotuletea kazi zaidi. Inaandika sesheni ya mwisho, yaani eneokazi lililofunguliwa mara ya mwisho, kwenye faili moja, /var/lib/sddm/state.conf, na faili hilo ni la mashine nzima, si la mtu mmoja mmoja. Sasa chukua steshenari: dada anachapa barua mchana kwenye Xfce yake, anafunga, anaondoka. Jioni mtoto wa bosi anaingia kwa jina lake na kuchagua Plasma. Asubuhi dada anabonyeza jina lake, anaandika nywila bila kutazama kitu kingine, anatua Plasma. Mteja amesimama kaunta anataka kopi, yeye anatafuta printa ilikohamia. Kijana anabebeshwa lawama za bure, maana hajagusa mpangilio wa mtu.

Kwa mashine ya mtu mmoja hutaliona tatizo hili. Kwa ya ofisi, ushauri wetu ni kuitoa SDDM mlangoni na kuweka LightDM, ambayo humkumbuka kila mtumiaji na sesheni yake. GDM nayo inafanya hivyo, lakini kwa mashine ndogo tunaiona nzito bila sababu. Plasma inabaki kwa anayeitaka, na mafaili yenu hayaguswi.

Wakati mwingine mlango haujasahau chochote, ila sesheni yenyewe imeondoka. Ubuntu 25.10, kwa mfano, ilitoa ile sesheni ya GNOME (eneokazi la Ubuntu ya kawaida) inayotumia Xorg, mfumo wa zamani wa kuonyesha picha kwenye skrini, ikabakiza ya Wayland, ule mpya. Majina unayoyaona mlangoni kwenye orodha ya sesheni hutoka kwenye folda mbili, /usr/share/xsessions na /usr/share/wayland-sessions. Kama chaguo lako halimo tena, unapewa jingine. Kwa hiyo ukianza kuona mabadiliko mara baada ya kusasisha, fungua orodha kwanza.

Orodha yenyewe wengi hawajawahi kuiona. Kwenye GDM, bonyeza jina lako, kisha kabla ya kuandika nywila tazama pembe ya chini kulia, kuna alama ya gurudumu la meno. SDDM yenye mwonekano wa kawaida wa KDE huiweka chini kushoto. Chagua, ingia, toka, ingia tena. Ikikukumbuka wewe ukiwa peke yako, halafu ikapotea baada ya mwenzako kuingia, karibu tuna uhakika ni SDDM.

Mlio Tukuyu, Vwawa au Makambako, msipakie CPU kwenye Coaster kwa jambo hili. Kwa mashine za Ubuntu na Debian, fungua terminali, andika cat /etc/X11/default-display-manager, kisha tupigie simu utusomee mstari unaotokea. Likisomeka neno sddm, tutakuelekeza hapohapo kwenye simu. Hakikisha tu bando lipo, kwa sababu LightDM inabidi ipakuliwe.