Usafi wa Oysterbay ulikuwa na wenyewe

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja ameisifu Dar es Salaam ya mkoloni: mitaa safi, miti kila upande, kila mtu na sehemu yake. Hilo la mwisho ni kweli tupu. Mimi nimekulia boi kota ya Oysterbay, nyuma ya nyumba aliyopikia baba.

Wazungu walikaa pwani penye upepo, Wahindi katikati kwenye maduka, sisi Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi pawe mpaka, kwa kisingizio cha afya. Hata ugonjwa ulikuwa na rangi: Ocean Road ilikuwa hospitali ya Wazungu, Sewa Haji ya sisi wengine. Baba alikuwa na mvi, lakini mtoto wa bwana, asiyemfika kiunoni, alimwita "boi". Naye akaitika.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 baba hakupiga kura. Ilitakiwa elimu ya darasa la nane au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, na mpishi azitoe wapi? Aliyeruhusiwa naye alilazimika kuchagua watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, viti sawa kwa sawa, katika nchi ya Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake wa chama cha TANU kule Tabora, Januari 1958, waingie uchaguzi huo hivyo hivyo. TANU ikashinda, mtego ukawanasa walioutega.

Mwaka 1962 shule zikaunganishwa. Nilikaa dawati moja na mtoto wa mwenye duka wa Uhindini. Mwanzoni hatukusemezana, baadaye tukawa tunanakiliana hesabu.

Mabadiliko ni makubwa, atakayebisha aende Coco Beach Jumapili: pwani ni ya yeyote mwenye nauli ya daladala na hela ya mihogo. Ila boi kota zingalipo, na wenye nyumba sasa ni sisi. Nimekula kwa watu ambako dada wa kazi ana sahani na kikombe chake, vimetengwa, na mwenye nyumba ni mtoto wa Kariakoo mwenzangu. Nilipomuuliza, alijibu ni mambo ya afya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhesabu dada huyo kuwa mfanyakazi, mwenye haki ya likizo, siku ya mapumziko na masharti ya kazi yaliyoandikwa. Mtume mwandishi wako apite Oysterbay na Masaki, aulize ni wangapi wameandikiwa.

Mzee wa Ilala,
Dar es Salaam