Uliniuliza kama alikuwa mjomba wetu

Mwanangu mpendwa,

Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa jikoni namenya viazi, kafyu ya Korona imeshaanza, nje kimya hata bodaboda hazisikiki. Ilikuwa Jumatano, tarehe 15 Aprili 2020. Msomaji wa taarifa redioni akasema Ken Walibora, mwandishi wa riwaya za Kiswahili, aliyekuwa akitafutwa tangu Ijumaa Kuu, amepatikana katika chumba cha maiti Nairobi. Aligongwa na basi kwenye barabara ya Landhies. Siku zote zile watu walikuwa wanapiga simu yake wakidhani yu hai.

Kisu kilinitoka mkononi. Ulikuja ukanishika leso kiunoni ukauliza, "Mama, huyo alikuwa mjomba wetu?" Nikakwambia nenda ukalale. Nisamehe. Sikuwa na sauti ya kukujibu.

Juzi ulipotoka shule na kitabu chake *Ndoto ya Amerika*, ukagoma kuzima taa mpaka umalize sura, niliona jina lake kwenye jalada mikononi mwako. Nikajua siwezi tena kukaa na jibu lako.

Hatukuwa na undugu naye wa damu. Lakini ngoja nikueleze alivyoingia maishani mwangu. Nilikuwa sekondari, na riwaya yake *Siku Njema*, aliyoichapisha mwaka 1996, tulikuwa nayo nakala moja, wasichana wanne. Imefunikwa kwa gazeti, majina ya waliotutangulia yamekatwa kwa kalamu, ukurasa wa kwanza umeng'oka. Usiku tulilala kifudifudi kitanda kimoja, tochi katikati. Aliyewahi kumaliza ukurasa alishika ncha yake akasubiri, hageuzi mpaka wa mwisho aseme "haya." Wa mwisho nilikuwa mimi kila mara, maana nilikuwa narudia sentensi. Wenzangu walinifinya, nami nikarudia tu.

Humo kuna kijana aitwaye Kongowea. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu kule Tanga. Mama anafariki, na baadaye kijana anafunga safari kumtafuta baba asiyemjua. Nasi tukamfuata, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikakutana na neno Kitale. Kitale hii yetu, mwanangu, ya mahindi na matope! Nililigusa kwa kidole. Sikuwahi kuona jina la kwetu ndani ya riwaya. Kiswahili kitamu nilidhani ni mali ya watu wa pwani, sisi wa bara tumeazima tu na ipo siku tutadaiwa. Kumbe anayekiandika vile ni mzaliwa wa Bungoma, aliyekulia Trans Nzoia hii hii, kaunti yetu. Tangu siku ile sikuona haya tena kufungua mdomo mbele ya mtu yeyote kwa Kiswahili changu.

Alikwenda mbali. Alisoma Marekani mpaka uzamifu, akafundisha chuo kikuu cha Wisconsin, akasoma habari kwenye televisheni, akaandika riwaya ya *Kidagaa Kimemwozea* ambayo dada zako wa ukoo waliisoma kwa ajili ya mtihani. Mimi hayo huyataja harakaharaka. Ninachokipenda zaidi ni kwamba mtu mwenye shahada zote hizo aliendelea kukaa chini akawaandikia watoto, na hakuwaandikia kwa lugha ya kuwadekeza. Umeona mwenyewe jinsi anavyokuachia neno gumu ulihangaikie. Usiniulize maana mara moja. Endelea mistari miwili, mara nyingi linajifungua lenyewe.

Alizikwa huku kwetu, Trans Nzoia. Nilitaka sana kwenda. Lakini wakati ule wa Korona matanga yaliruhusiwa watu 15, basi, na nafasi hizo zilikuwa za watu wake. Kwa hiyo nililia jikoni, wewe ukiwa mlangoni. Jioni iliyofuata nilitoa *Siku Njema* yangu, niliyoinunua baadaye kwa mshahara wangu wa kwanza, nikaisoma kwa sauti peke yangu hadi saa tano. Hiyo ndiyo iliyokuwa matanga yangu.

Nakala hiyo iko juu ya kabati, chini ya mashuka ya wageni. Bado ni kubwa kwako kidogo, lakini ichukue. Mistari ya penseli ni yangu, usiifute. Na utakapofika pale kijana anapoingia Kitale, niite, hata kama ni usiku, nije nikae kitandani unisomee.

Mama yako