Hesabu ya sakafu isianzie dukani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaopangisha vyumba hapa Tanga na miji mingine ya pwani, ambao mpangaji anapohama tukakuta sakafu ya saruji imebanduka, huamua kuweka vigae kwa kutazama jambo moja tu, nalo ni bei ya boksi.

Mwaka jana nilikuwa na chumba cha mita 4 kwa 3.5, yaani mita za mraba 14. Vigae nilivyochagua, vya sentimita 60 kwa 60, vilikuwa vinne katika boksi na hufunika mita za mraba 1.44, basi nikagawanya na kununua maboksi 10. Sikuhesabu vipande vinavyopotea katika kukata, ambavyo ni busara kuvitengea asilimia 10, wala ule mkanda wa vigae unaobandikwa ukutani kuzunguka sakafu, uliokula vigae vitano peke yake. Yalihitajika maboksi 12. Niliporudi dukani mzigo ule ulikuwa umekwisha, na vigae vya mzigo mpya, ingawa jina lililoandikwa kwenye boksi ni lile lile, vilikuwa vyeupe zaidi, na hadi leo tofauti hiyo inaonekana mara tu mlango unapofunguliwa.

Hata hivyo, hasara ya maboksi mawili ni ndogo ikilinganishwa na ile inayotoka chini. Nyumba zetu nyingi za zamani zilimwagiwa zege juu ya udongo bila kutandikwa karatasi ya nailoni, kwa hiyo unyevu hupanda, na ukiufunika kwa vigae utahamia kwenye kuta, plasta itoe chumvi na kumenyeka. Kabla ya kununua chochote, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, fedha ya kwanza ni ya kutibu unyevu, hata kama vigae vitasubiri hadi kodi ya msimu ujao.

Yapo pia matumizi ya kubomoa sakafu ya zamani na kuondoa kifusi, gundi ya vigae, grauti ya kujazia nafasi kati ya vigae, usafiri, ujira wa fundi kwa kila mita ya mraba, na kukata milango chini kwa kuwa sakafu imepanda. Tusipoyaandika mapema, fedha huisha kazi ikiwa nusu, kisha tunamwongezea kodi mpangaji ambaye hakushiriki katika makosa yetu, na jambo hilo si haki.

Kwa wenye maduka ninalo ombi moja. Mkubali kurudishiwa boksi ambalo halijafunguliwa, kwa risiti, ndani ya mwezi mmoja, ili mtu anunue vigae vya kutosha kutoka mzigo mmoja bila kuogopa kubaki navyo.

Mpangishaji wa vyumba,
Tanga