Timicheg

Ghent, Ubelgiji

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kuuma. Mwambie Mama kitenge alichotuma kimefika salama.

Nimeona nikuandikie, maana haya hayatoshi kwenye simu. Karibu na stesheni ya Sint-Pieters, ninakoshukia kila siku, kuna handaki la magari linaloitwa Timicheg. Miezi yote hii nilidhani ni neno la Kiflemi, lugha ya huku. Juzi mwenzangu wa kazini, mama wa Kifilipino, akanieleza kuwa ni jina la mtu wa kwao, Mwigorot, kabila la milima ya kisiwa cha Luzon, aliyefia hapa mwaka 1913.

Hakuja kutembea, Baba. Aliletwa kwenye maonyesho ya dunia, yeye na wenzake zaidi ya 50. Wakawekwa katika kijiji cha kuigiza, watu wakalipa kuwatazama wanavyoishi. Kulikuwa na kijiji cha Wasenegali pia.

Unakumbuka uliponipeleka Nane Nane Morogoro, tukasimama kwenye banda la fahali, nikakusomea kibao chake, aina na uzito? Tangu juzi siwazi kingine.

Wahispania, waliotawala Ufilipino kabla ya Marekani, walishawaonyesha Wafilipino kule Madrid mwaka 1887. Marekani ilipovichukua visiwa vya Ufilipino mwaka 1898, ikafanya makubwa zaidi. Kwenye maonyesho ya dunia ya mji wake wa St. Louis, mwaka 1904, ilipeleka Wafilipino zaidi ya 1,000 na kuwapanga kwa ngazi: chini wale walioitwa washenzi, juu askari waliovalishwa sare na kufundishwa kupiga bendi. Mwananchi wa Marekani alitakiwa aondoke akiamini kuwa watu hawa hawajawa tayari kujitawala. Waigorot wakawa wanapewa mbwa wachinje mara kwa mara, watazamaji washangae, ilhali kwao mbwa alichinjwa kwa matambiko. Hapo ndipo paliponiuma zaidi. Unachukua tambiko la mtu, unamfanya alirudie mbele ya umati, kisha unatangaza kuwa hicho ndicho chakula chake cha kila siku!

Nasi hatukuachwa. Jumapili nilikwenda Tervuren, mji mdogo karibu na Brussels, ambako Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa mwaka 1897. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa. Nilisimama pale muda mrefu, nikashindwa hata kuomba.

Hapa Ghent, kundi la Timicheg lilitelekezwa na waliolileta. Fedha zikaisha, nauli hakuna, na baridi ndiyo hii ninayokulalamikia mimi mwenye koti. Wawili kati yao wakamwandikia barua Rais Woodrow Wilson wakiomba warudishwe kwao, na serikali ya Marekani ikawasafirisha. Barua ile inanikaa moyoni, Baba. Waliambiwa mbele za watu kuwa hawajui lolote, kumbe walimjua anayepaswa kuwajibika, wakamwandikia kwa lugha yake.

Timicheg hakurudi nao. Manispaa ililipatia handaki jina lake mwaka 2011. Wengi hupita bila kujua, kama nilivyokuwa mimi. Siku hizi nikifika pale nalitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama ulivyotuzoesha kufanya tukipita kaburi la Babu.

Jumamosi nitapiga picha ya kibao nikutumie. Wasomee wajukuu, uwaeleze kama ulivyokuwa ukitueleza sisi.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao akupendaye